Vitamini D ya mama iko chini, je moyo wake uko hatarini?

Binti wa Rau: Wakuu habari za jioni. Mama yangu ana miaka 61, tupo Moshi, ana presha na yuko kwenye dawa. Kapima vitamini D imetoka 14 (ng/mL), sasa jirani anayeuza virutubisho kamwambia ikishuka hivyo moyo unaharibika, atumie matone yake presha itashuka yenyewe. Mama kaamini, vidonge vya presha kavifungia kabatini tangu wiki iliyopita na nikisema hanisikii. Ni kweli jamani? Na jua lote hili mtu anapungukiwaje?

Nesi Arusha: Mdogo wangu, leo leo arudi kwenye vidonge vyake, hayo mengine yatafuata. Presha inapanda kimyakimya, usingoje dalili. Hiyo 14 ni chini kweli, chini ya 20 tunahesabu upungufu, atibiwe maana mifupa na misuli inaihitaji. Ila kwenye moyo, ni kweli utafiti wa Framingham kule Marekani 2008 ulikuta wenye vitamini D ya chini wanaugua moyo zaidi, lakini mtu mgonjwa asiyetoka nje, au mnene sana, naye vitamini D yake huwa chini, sasa kipi kimeleta kipi? Ndo wakaja na utafiti wa VITAL, watu 25,871, nusu wanapewa yuniti 2000 za vitamini D kila siku, nusu vidonge visivyo na dawa ndani, miaka 5 na zaidi, majibu ya 2018 yakaonyesha mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua. Matone hayachukui nafasi ya dawa ya presha hata kidogo.

Mzee wa Kihamba: Kuhusu jua, Wamasai na Wahadzabe walishapimwa, utafiti ulitoka 2012, wastani wao ukibadilisha kwa kipimo cha mama ni kama 46. Wale wanashinda nje. Mama anashinda wapi? Kama ni dukani, kitenge mpaka miguuni, na jua la dirishani halisaidii maana kioo kinazuia ile miale inayotengeneza vitamini D kwenye ngozi, na ngozi zetu nyeusi zinataka muda mrefu zaidi. Halafu mwezi wa sita na wa saba Moshi ni wingu tu, hata mlima huuoni.

Nesi Arusha: Na angalia chupa, zaidi ya yuniti 4000 kwa siku asitumie bila daktari, ikizidi sana kalisiamu inapanda kwenye damu, figo zinaumia.

Binti wa Rau: Asanteni sana. Kweli anashinda dukani. Chupa nimeigeuza pande zote, haijaandikwa tone moja lina yuniti ngapi. Vidonge kavimeza sasa hivi nikiwa nimesimama pale, kesho tunaenda kliniki na chupa yenyewe.