Herufi ya mwisho ilikuwa bado ina moto: hii ni biashara gani ya wachezaji?

Dobi_wa_Deira

Wakuu, salamu zenu nitazitoa siku nyingine, kwa kuwa leo sina mate kinywani. Sitamtaja mtu. Kila anayefuatilia mpira wa kikapu wa Ufilipino anamjua ninayemsema, na asiyemjua amshukuru Mungu wake, maana usiku wa leo atalala usingizi wa pono.

Nianze na jambo lenyewe, kisha nitalirudia, na mkinichokoza nitalirudia tena: herufi ya mwisho ilikuwa bado ina moto.

Mimi ni dobi katika hoteli moja hapa Dubai. Huu ni mwaka wa nne ninalala chumba kimoja na Wafilipino watatu, na hao ndio walioniambukiza PBA, ligi ya kikapu ya kulipwa ya kwao. Mechi inayoanza saa moja na nusu usiku kule Manila hutufikia sisi saa tisa na nusu alasiri, wakati zamu yetu imepumzika, kwa hiyo anayenitafuta saa hiyo hunikuta kwenye ngazi za nyuma nimeinamia simu yenye kioo kilichopasuka. Nilichagua timu ndogo kwa makusudi kabisa. Mtu aliyekulia Tanga akiishangilia Coastal Union hawezi kwenda ughaibuni akaanza kushangilia matajiri, moyo wenyewe unakataa.

Sasa basi. Mwenzetu mmoja, ambaye chumba kizima tunamwita Kuya kwa kuwa ndiye mkubwa wetu, amerudi likizo juzi na jezi niliyomtuma. Mgongoni ilikuwa na namba tu, kwa sababu jina la kijana wetu lilikuwa limekwisha dukani, na mimi kwa upumbavu wangu nililichukulia hilo kuwa ni dalili njema. Nikaenda Satwa kwa fundi, nikanunua herufi za kubandika moja moja. Leo, baada ya kunyoosha foronya ambazo sitaki hata kukumbuka idadi yake, nikaitandika jezi kwenye mashine ya mvuke, nikazipanga herufi kwa rula, nikashusha kifuniko, nikahesabu hadi kumi na tano. Nilipokiinua, Kuya alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno. Alikuja taratibu, akailaza simu yake juu ya jezi, karibu na herufi ya mwisho, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyeweka shada la maua kaburini.

Kijana wetu ameondoka, wamembadilisha kwenda timu kubwa. Ofisi ya kamishna wa ligi imeshapitisha. Herufi ya mwisho ilikuwa bado ina moto, ndugu zangu, nilipoigusa ikateleza!

Na tumepewa nini? Tumepewa mkongwe mmoja ambaye goti lake limemzidi umri, mwingine ambaye kila nikimwona amekaa benchi na taulo kichwani kama biharusi, na zamu ya kuchagua mchezaji katika drafti, yaani mgao wa wachezaji wapya, ya mwaka ambao sidhani kama nitakuwa na meno. Mkubwa wa timu yetu ametoa ng'ombe wa maziwa, akapokea kengele, halafu akaitisha wapiga picha watabasamu pamoja. Hata mtoto wa darasa la pili akibadilishana kifutio na mwenzake huuliza kwanza, “Na wewe utaniongeza nini?” Huyu hakuuliza. Huyu alisaini.

Sina hoja nyingine. Nimemaliza. Herufi ilikuwa bado ina moto.

Mzee_wa_Ribaundi

Pole sana mkuu, ingawa kosa ni la kwako. Shabiki wa timu ndogo haandiki jina mgongoni kwa gundi, anaandika kwa chaki, ili likifika dirisha la kubadilishana apanguse kwa kitambaa kilicholowa na maisha yaendelee.

Binti_wa_Doha

Mleta uzi, wewe ni mgeni kwenye msiba huu, kaa chini tukupe historia. Mwaka 2017 timu iliyokuwa ikiitwa Kia ilikuwa na haki ya kuchagua mchezaji wa kwanza katika drafti, na kila mtu alijua kwamba wa kwanza ni Christian Standhardinger, yule mrefu mwenye damu ya Kijerumani. Zamu ile ikauzwa kwa San Miguel, ambao tayari walikuwa na June Mar Fajardo chini ya kikapu. Wao Kia wakapokea Ronald Tubid, Jay-R Reyes, Rashawn McCarthy na zamu ya baadaye. Kelele zilizofuata ziliigawa bodi ya ligi vipande viwili, na kamishna wa wakati ule, Chito Narvasa, akaishia kuondoka madarakani.

Sasa sikiliza utamu wake. San Miguel walimtoa Standhardinger mwaka 2019 akaenda NorthPort, NorthPort wakampeleka Ginebra mwaka 2021, na mwezi wa saba mwaka 2024 Ginebra wakamtoa pamoja na Stanley Pringle kwenda Terrafirma. Je, unajua Terrafirma ni nani? Ni Kia ile ile iliyobadilishwa jina! Waliiuza nafasi ya kumpata akiwa mbichi, wakamsubiri miaka saba, wakampokea akiwa ametimiza 35. Na ili wampokee, walimtoa Stephen Holt, chaguo la kwanza la drafti ya 2023, wakamwongeza Isaac Go, na juu yake zamu ya tatu ya drafti, ambayo Ginebra waliitumia kumchukua RJ Abarrientos. Na Terrafirma walikuwa ndiyo kwanza wametoka kuingia robo fainali na kuwatoa San Miguel jasho kwa kuwashinda mchezo mmoja.

Kwa hiyo, kaka yangu, herufi zako zisikutie kiburi cha msiba. Wapo waliozika zaidi.

Mzee_wa_Ribaundi

Dada umesahau CJ Perez, chaguo la kwanza la 2018, aliyeondoka timu hiyo hiyo mwaka 2021 kwenda San Miguel. Halafu jina lao la utani ni Dyip, yaani zile gari za abiria za Manila zilizopakwa rangi kama kanga. Timu ikijiita daladala, kwa nini watu washangae abiria wakishuka kila kituo?

Dobi_wa_Deira

Ninawashukuru kwa historia, lakini mimi sikutaja timu, wala sikuuliza habari za mwaka 2017. Mwaka 2017 nilikuwa ninauza mitumba Tanga. Mimi ninazungumzia leo, mashine ya mvuke, kifuniko kimeinuliwa, herufi ya mwisho ina moto, na mtu mzima anaweka simu juu yake bila huruma. Hakuna hata mmoja wenu aliyeligusa hilo.

Damu_ya_Ginebra

Nimesoma nikiwa kwenye metro, nimecheka hadi mlinzi amenisogelea. Salamu kwa Kuya, huyo ni mwanachama wetu halali.

Hata hivyo acheni kudhani kwamba maumivu ni ya timu ndogo peke yake. Sisi tulikuwa na Greg Slaughter, mtu wa futi saba. Akajiweka kando msimu mzima wa 2020, akarudi, akaomba radhi, tukamsamehe, mimi binafsi nikamsamehe kwa sauti mbele ya mke wangu. Kabla msamaha haujakauka akawa amebadilishwa na Standhardinger. Nikaanza upya kumpenda Standhardinger, nikampenda kweli kweli, naye ndio hivyo mmeshasoma alikopelekwa. Moyo wangu umekuwa nyumba ya wageni: mtu akishazoea kitanda, anadaiwa ufunguo.

Yatima_wa_Maziwa

Mnalia kwa sababu ya mchezaji mmoja mmoja? Mimi nilikuwa shabiki wa Alaska. Timu iliingia ligi mwaka 1986, ikachukua ubingwa mara 14, na mwaka 1996 ikazoa mataji yote matatu ya msimu. Mwaka 2022 kampuni ikasema basi, imetosha, inarudi kuuza maziwa yake. Nafasi yetu katika ligi ikanunuliwa na kampuni ya intaneti, wachezaji wakahamia humo kama samani za nyumba iliyopigwa mnada. Kocha Tim Cone, aliyetupa yale mataji, siku hizi yuko Ginebra kwa huyo bwana wa metro hapo juu.

Dobi, wewe umenyang'anywa herufi. Mimi nimenyang'anywa jezi, timu na sababu ya kuamka. Ninazo jezi tatu za Alaska na nikizivaa, vijana huniuliza kama mimi ni mchuuzi wa maziwa.

Namba_18_Milele

Kuondoka kwa timu ni amri ya Mungu na ya wahasibu. Kubadilishwa kwa nguli wako na hasimu wake ndiyo dharau. Mwaka 2016 James Yap, mchezaji bora wa msimu (MVP) mara mbili, mtu aliyeibeba klabu yetu, hii inayoitwa Magnolia siku hizi, tangu anaingia ligi, alipelekwa timu ya Rain or Shine, akaja Paul Lee. Sitaki kusikia kwamba Paul Lee alitwaa nao ubingwa wa Governors' Cup mwaka 2018. Ninalijua hilo. Nilikuwa ninatazama nimekunja mikono, na walipofunga nilipiga makofi kwa vidole viwili.

Yatima_wa_Maziwa

Kwa hiyo ulipata ubingwa na bado unalia. Mtu aliyeshiba anawasimulia wenye njaa kwamba wali ulikuwa wa jana.

Namba_18_Milele

Njaa uliichagua mwenyewe ulipoishabikia kampuni ya maziwa.

Mhasibu_wa_Likoni

Naomba niseme neno la utulivu kabla hamjarushiana viatu. Katika ligi hii timu haziwakilishi miji, ni mali ya makampuni, na ndivyo ilivyo tangu 1975. Nyumba ya San Miguel ina timu tatu: San Miguel, Ginebra na Magnolia. Nyumba ya pili, ile ya tajiri wa simu na umeme, inazo TNT, Meralco na NLEX. Hizo ni sita kati ya kumi na mbili. Kiwango cha juu cha mshahara kwa mchezaji kimewekwa peso 420,000 kwa mwezi, sawa kwa wote kwenye karatasi. Kama mshahara ni ule ule, kijana atachagua mahali penye Fajardo wa kumpasia mpira na tumaini la kucheza fainali. Timu ndogo inaona mkataba unakaribia kwisha, inajua atakataa kusaini tena, basi inamtoa mapema ipate chochote. Huyo mkubwa ambaye hukumtaja, mleta uzi, huenda alipokea kengele kwa sababu ng'ombe alikuwa ameshakata kamba.

Dobi_wa_Deira

Mhasibu, sikuomba hesabu. Nimesema nimetukanwa, wewe unaniletea mizania. Kama ng'ombe alikuwa ameshakata kamba, kwa nini hawakutangaza asubuhi, kabla sijawasha mashine? Kwa nini saa ile ile? Kifuniko kinainuka, mvuke unapanda, simu inashuka. Hebu uweke hilo kwenye mizania yako.

Binti_wa_Doha

Mhasibu amesema kweli kwa sehemu, ila ameacha mlango wa nyuma. Vijana wa sasa hawasubiri kubadilishwa kama magunia, wanapanda ndege kwenda Japani. Thirdy Ravena alitangulia mwaka 2020, na kaka yake Kiefer akamfuata mwaka uliofuata, wakati NLEX walikuwa wanadai bado ana mkataba nao. Huko wanapata mshahara usio na kikomo cha peso 420,000, na mapumziko ya kutosha. Ningekuwa na mtoto wa kiume mwenye kimo, ningemfundisha Kijapani kabla ya kumfundisha kudunda mpira.

Damu_ya_Ginebra

Japani wachukue wote, watuachie Brownlee. Mchezaji wa kigeni aliyekuja 2016, akatupa ubingwa kwa mtupo wa pointi tatu sekunde za mwisho, kisha mwaka 2023 akapewa uraia kabisa. Huyo hajawahi kubadilishwa na mtu. Mgeni amekuwa mwenyeji, wenyeji ndio wanaohamishwa kila mwezi.

Yatima_wa_Maziwa

Mnaona? Ginebra wakifika kwenye uzi, uzi unakuwa wao. Kocha wetu walichukua, sasa na msiba wanachukua.

Namba_18_Milele

Katika hili pekee ninakubaliana na mchuuzi wa maziwa.

Mzee_wa_Ribaundi

Ninapendekeza ufunguliwe uzi mwingine wa Ginebra, halafu na wenyewe ubadilishwe na nyuzi mbili za zamani na moja ya mwaka 2027.

Kijana_wa_Salalah

Samahani wakubwa zangu, mimi nimeingia jukwaani leo na nimesoma kuanzia juu mpaka hapa. Kaka Dobi, pole. Nilitaka kuuliza: hiyo jezi ni saizi gani? Mimi nimeanza kuipenda timu kubwa aliyokwenda huyo kijana, jina si lile lile? Rangi nitavumilia.

Dobi_wa_Deira

Haiuzwi. Nimeshaikunja, nimeiweka chini ya godoro, na nitazikwa nayo ili siku ya hesabu nikamwoneshe yule mtu herufi ya mwisho ilivyopinda.

Dobi_wa_Deira

Ni L. Njoo faraghani tuzungumze bei, na gharama ya kuituma Oman ni juu yako.