Flashi imebaki na shotikati tupu

*Kikundi: Majirani Mwembeni*

Mama Rehema: Habari za jioni majirani. Flashi imetoka steshenari leo, nikiifungua kwenye laptopu naona shotikati moja tu, ina jina la flashi yenyewe. Orodha ya michango na fomu za watoto sizioni. Nifanyeje?

Deo: Fomati tu mama, hivyo ni virusi.

Mwl. Salum: Asifomati, itafuta kila kitu! Mama Rehema, kwenye This PC bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya flashi, chagua Properties. Used space inasoma ngapi?

Mama Rehema: Shikamoo mwalimu. GB 3.2

Mwl. Salum: Marahaba. Basi mafaili yamo. Shotikati yenyewe ni kiungo tu cha kufungulia faili, KB 2 hivi, GB 3 zote hizo ni za nani? Kirusi hakikufuta kitu, kimeficha.

Fundi Chande: Umeshaibonyeza hiyo shotikati?

Mama Rehema: Mara mbili. Ilifungua, nikaona mafaili, nikafunga. Sasa naogopa.

Fundi Chande: Hapo ndipo mtego ulipo. Inakuonyesha mafaili yako ili usishtuke, huku nyuma inawasha kirusi. Kwa hiyo laptopu nayo imeshaingiwa. Ukisafisha flashi peke yake, ukiichomeka tena shotikati inarudi palepale.

Chomoa flashi kwanza. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Details, tafuta wscript.exe. Ukiikuta, iteue halafu End task. Hiyo ni programu halali ya Windows, ila virusi vingi vya shotikati huipanda mgongoni, na wewe hapo huna kazi nayo. Kisha fungua Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, chagua ile ya Offline. Hifadhi kazi zako kabla, maana laptopu itajizima na kuwaka. Huchukua kama dakika 15.

Neema wa kona: Wakati laptopu inajikagua, mwenye kiunganishi cha OTG achomeke flashi kwenye simu ya Android. Kuficha kwa Windows simu haikujui, kwa hiyo kila kitu kinaonekana, na kirusi cha Windows hakiwezi kuwaka humo. Kopi docx, pdf na picha tu. Zinazoishia na lnk, vbs, js, exe au inf ziache hukohuko.

Deo: Simu yangu inakataa flashi nyingine, inasema haiwezi kusoma.

Neema wa kona: Huenda imefomatiwa kwa NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows. Simu nyingi zinasoma FAT32 na exFAT tu.

Mama Rehema: OTG sina. Offline imeisha, imeondoa vitu viwili.

Fundi Chande: Safi. Chomeka flashi, usifungue kitu. Angalia herufi yake, tuseme E. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, Enter. Kisha andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Acha nafasi kabla ya kila - na kila /, na nyingine kabla ya E. Kuanzia E mpaka mwisho hakuna nafasi, kisha Enter. Herufi iwe ya flashi kweli. Ukiweka C utafichua mafaili ya Windows yenyewe, halafu mtoto ayafute akidhani takataka.

Deo: Si aweke tiki tu kwenye Hidden items?

Fundi Chande: Haitoshi. Kirusi kimeweka alama mbili, ya hidden na ya system. Tiki hiyo inaonyesha yenye alama ya kwanza tu.

Mama Rehema: Imeandika Access denied, System Volume Information 😳

Fundi Chande: Hiyo ni folda ya Windows, iache. Subiri mstari wa C:\ urudi chini.

Mama Rehema: Umerudi. Kuna folda haina jina kabisa!

Mwl. Salum: Ndiyo hiyohiyo, kirusi kimeficha mafaili yako humo. Fungua, kopi nyaraka zako kwenye laptopu, jaribu kufungua mbili tatu kuhakikisha ni nzima. *Sasa* ndiyo ufomati, Deo amepata zamu yake 😄 Chagua exFAT. FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4.

Mama Rehema: Yote yamo! Kesho nataka kuchapa fomu, nirudi na flashi hii?

Neema wa kona: Watumie kwa WhatsApp mama. Ifanye PDF kwanza: kwenye Word ni File, Save As, pale chini chagua PDF. Ukituma Word, kompyuta yao ikikosa fonti yako jedwali linahama. Na uitume kama Document, usipige picha skrini.

Deo: Na wakisema WhatsApp yao haifanyi kazi?

Neema wa kona: Flashi ndogo tupu yenye hiyo PDF peke yake. Ikirudi, fomati bila kuifungua.

Mama Rehema: Ninayo moja ya GB 4, naifomati sasa hivi.