Mjadala: Je, wanafunzi wa Gredi ya 10 nchini Kenya wafundishwe ufundi katika chuo cha jirani?

Mzazi wa Umoja: Binti yangu aliingia Gredi ya 10 Januari 2026 akachagua somo la umeme, ilhali shule yake ya kutwa haina karakana. Chuo cha ufundi stadi cha kaunti kiko ng'ambo ya barabara, na ukisimama langoni pa shule unasikia mashine zake zikinguruma. Kwa nini taasisi hizi mbili zisitie saini makubaliano ili watoto wavuke mara moja kwa wiki? Sharti langu ni moja: waliopita mtihani wasichanganywe na waliofeli.

Fundi wa Kamukunji: Nilikuwa upande wako, mama, hadi sentensi ya mwisho. Masanduku ya bati yanayopakiwa juu ya mabasi kila shule za bweni zinapofunguliwa tunayatengeneza sisi hao "waliofeli", na hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza alama zangu kabla ya kulipa.

Mwalimu Mstaafu: Tusilaumiane. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1984, wazazi walichanga pesa za harambee kujenga karakana. Nilifundisha useremala nikiwa na wavulana arobaini na jiliwa moja, kile chombo cha kubana mbao. Zamu ya wa mwisho ilipofika, kengele ilikuwa imelia. Shule ikishindwa kununua jiliwa ya pili, na iazime ya jirani.

Wakili wa South B: Mfumo huo ulianza 1985, Mwalimu. Kikwazo kikubwa kimo katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ambalo liliziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini huku sekondari zikibaki chini ya serikali ya kitaifa. Mkuu wa shule na meneja wa chuo hawana mwajiri mmoja. Mkufunzi atalipwa kutoka mfuko gani, na mtoto akipigwa na umeme, nani atajibu?

Mzazi wa Umoja: Sikumtukana mtu. Mimi mwenyewe nilipata D mwaka 1998, kwa hiyo nikisema "waliofeli" nazungumzia nyumba ninayoijua. Kuhusu 1984 au 1985, sioni linamsaidiaje binti yangu.

Mkufunzi wa Chuo: Wengi wa wanagenzi wangu hawakufeli chochote, ila karo iliwashinda. Tena kuna jambo ambalo hamjaligusa, nalo ni ratiba. Kipindi cha shule ni dakika 40. Kuvuka barabara, kuvaa aproni na kuzima umeme kwenye bodi kabla ya yeyote kugusa waya kunamaliza nusu yake, na ndiyo maana sisi hufundisha asubuhi nzima bila kukatiza. Mkinipa Alhamisi kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja nitawapokea, lakini vipindi vilivyokatwakatwa sivitaki.

Fundi wa Kamukunji: Mama, D yako nimeipokea kwa heshima, ingawa neno lile bado sijalimeza. Mwalimu, jiliwa hiyo ingalipo?

Mwalimu Mstaafu: Ipo. Nilipita pale mwaka jana nikaikuta imeshika kutu kwenye meza ya mwisho iliyobaki, nyuma ya magunia ya maharagwe ya chakula cha mchana. Mpini wake hauzunguki tena.