Kura za rais zilihesabiwa usiku uleule wa Jumanne, sasa Bomas wanahesabu nini mpaka leo?

Mkaazi wa Kisauni (Jumamosi, 13 Agosti 2022)

Jamani habari za saa hizi. Tangu tupige kura ya rais wa Kenya Jumanne, hapa nyumbani hakuna anaelala sawasawa, TV haizimwi na simu ziko kwa chaji muda wote. Nina swali na nataka mtu anaejua anijibu, si mtu wa kunitukania mgombea wangu.

Huku Mombasa siku ile tulipewa karatasi tano, gavana aliahirishwa sisi na Kakamega kwa sababu ya karatasi kuchanganywa. Rais ndo alianza kuhesabiwa, na kabla ya alfajiri fomu ya matokeo ilikuwa ishabandikwa mlangoni mwa darasa, watu wanaipiga picha kwa tochi za simu. Sasa kama kila kituo kimefanya hivo nchi nzima, siku nne hizi wanahesabu nini pale Bomas, ule ukumbi wa Nairobi wanakokusanya matokeo ya nchi nzima? Alafu ukifungua stesheni hii huyu yuko mbele, ukigeuza ile yule yuko mbele, na wote wanasema wametoa kwa tovuti ya IEBC, tume ya uchaguzi. Na la mwisho, kura zilizoharibika zinaingia kwenye ile asilimia 50 na kura moja ya kushinda raundi ya kwanza ama haziingii? Kwa vile wanavyokaribiana hawa wawili, Ruto na Raila, naona hilo laweza kuamua kama tunarudi raundi ya pili.

ajenti wa Likoni

Ndugu yangu Bomas hawahesabu kura hata moja. Kura huhesabiwa kituoni na hapo ndo mwisho wake. Mie nilikuwa ajenti, acha nikwambie inavyokwenda. Sanduku la rais linafunguliwa mbele yetu sote, karatasi nyeupe zinamwagwa mezani, msimamizi wa kituo, yule tunaemwita PO, anainua moja moja, anatuonyesha ajenti wote, anataja jina, inawekwa kwa fungu la mgombea wake. Ikija yenye utata hapo ndo kelele huanza. Tulikuwa na moja mpiga kura kaweka alama nje kidogo ya kisanduku, ajenti mmoja akashika imeharibika, PO akasoma kanuni akasema kama nia ya mtu iko wazi haikataliwi kwa sababu ya mahali alama ilipokaa, ikahesabiwa. Ingine mtu alitia alama kwa wagombea wawili, hiyo haina mjadala, imeharibika. Na ukiandika jina lako kwa karatasi au kitu cha kukutambulisha, umeipoteza pia.

Mkimaliza na una wasiwasi unaweza kudai zirudiwe kuhesabiwa hapohapo, lakini si zaidi ya mara mbili. Watu wengi hawajui hii, ajenti anakaa kimya akishachoka saa nane za usiku alafu asubuhi analia kwa redio. Baada ya hapo 34A, ile fomu ya matokeo ya kituo, inajazwa, tunatia saini, kila mmoja anapewa nakala, moja inabandikwa, na PO anaipiga picha kwa KIEMS, mtambo wa tume wa kutuma matokeo, inaenda. Ajenti akikataa kutia saini aandike sababu, lakini kukataa kwake hakufuti matokeo.

Msomaji wa Katiba

Hapo juu kaeleza vizuri, mie naongezea habari ya Bomas. Picha za 34A karibu zote za vituo 46,229 ziko kwa tovuti na mtu yeyote anaweza kufungua, lakini picha siyo tangazo. Fomu zenyewe za karatasi zinapelekwa kwa msimamizi wa eneo bunge, anajumlisha kwenye 34B, fomu ya eneo bunge zima, alafu yeye mwenyewe anazibeba mpaka Nairobi. Maeneo bunge 290, na wa nje ya nchi juu yake. Pale Bomas kila fomu inalinganishwa na ile picha iliyotumwa, kikipatikana kitu hakilingani wanasimama kuuliza, na kuna ajenti wa vyama wanagombana juu ya kila tarakimu. Hiyo ndo foleni mnayoiona kwa TV. Katiba imewapa siku saba kutoka siku ya kura, kwa hivyo mpaka Jumanne ijayo hawajachelewa.

Na msisahau tumefikaje hapa. Juni 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwenye kesi ya Maina Kiai kwamba matokeo ya eneo bunge ni ya mwisho, Nairobi hawana ruhusa ya kuyabadilisha. Septemba mosi mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi mzima wa rais, na kubwa lilikuwa namna matokeo yalivyotumwa. Mie afadhali ningoje siku saba zote kuliko kutangaziwa mbio mbio tena.

Stesheni kutofautiana ni kwa sababu kila moja ina vijana wake wanaingiza fomu moja moja kwa mkono, huyu kaanza na kaunti hizi, yule kaanza na zile. Mpaka wote wamalize zote hawawezi kulingana.

Mama Zuhura

Hayo yote nimeelewa lakini bado naona tume imetukosea. Kama fomu zote mmeziweka wazi, na nawasifu kwa hilo, mbona msiweke na jumla inayokwenda ikipanda hapohapo chini yake? Mmemwachia kila mtu apige hesabu yake, sasa mtaani kila mtu ana rais wake na ana karatasi ya kuthibitisha. Watoto wetu ndo watarushiana mawe kwa hesabu ya mtu aliekosea kujumlisha. Sheria ya kuhesabu ni nzuri lakini huu ukimya wa katikati ni hatari.

Msomaji wa Katiba

Mama hapo sina ubishi na wewe. Swali la kura zilizoharibika halijajibiwa: haziingii. Mwaka 2013 Uhuru alipata 50.07 kwa hesabu iliyojumuisha zilizokataliwa, ikapelekwa kortini na Mahakama ya Juu ikasema kinachohesabiwa ni kura halali peke yake. Na asilimia 50 pekee haitoshi, lazima upate robo ya kura kwenye kaunti zisizopungua 24.

Mkaazi wa Kisauni (Jumanne, 16 Agosti)

Nimerudi na kikokotoo. Jana wametangaza Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930, Wajackoyah 61,969, Waihiga 31,987. Kwa kura halali Ruto kavuka nusu kwa kama 69,600. Nikaongeza zile zilizokataliwa 113,614 nione ingekuwaje, bado anavuka, lakini kwa karibu 12,800 tu! Nchi nzima hii. Na makamishna wanne wa tume yenyewe wamesema hawayatambui matokeo haya, sasa tumwamini nani?

ajenti wa Likoni

Iamini 34A ya kituo chako, uliiona ikibandikwa. Ifungue ile ya kwa tovuti uilinganishe na picha uliyopiga wewe, tarakimu kwa tarakimu. Anaelalamika ana siku saba kutoka jana kufika Mahakama ya Juu, na majaji wana siku 14 za kuamua. Wenye nakala wazitunze, na wale mnaosambaza picha za fomu huko WhatsApp hakikisheni jina la kituo linasomeka, nimepokea tatu tangu asubuhi zimekatwa juu hata hujui ni za wapi.