Mrejesho: Hilux ya kazi au ya kifahari kwa njia ya Kitulo

Wakuu, swali lilikuwa hili: kwa njia ya Isyonje–Kitulo–Makete, kule Mbeya na Njombe, nichukue Hilux (pikapu ya Toyota) dabo kebini ya kazi yenye loki ya difu ya nyuma, ile inayolazimisha magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, au ya daraja la juu yenye viti vya ngozi na rimu za inchi 18? Nimechukua ya kazi.

Rimu ndizo zilizoamua. Tairi ya 265/65R17, ya rimu ya inchi 17, ina ukuta (ubavu wa tairi) wa milimita 172 hivi, ya 265/60R18 ina 159. Ukipunguza upepo kwenye tope, ukuta mrefu unakunjika vizuri na rimu haigongi jiwe haraka.

Mnaonunua iliyotumika, ijaribuni loki kabla ya kulipa. Simamisha gari kwenye udongo, ingiza L4 (gia nzito ya magurudumu manne), bonyeza kitufe cha loki, kisha tambaa mita chache. Taa yake kwenye dashibodi ikipepesa halafu ikatulia, imeshika. Ikipepesa bila kukoma, mara nyingi mota yake pale kwenye difu imeganda kwa kutu, maana wengi hawaitumii kabisa. Kwenye lami iache: kwenye kona tairi la nje linataka kwenda mbali kuliko la ndani, loki inakataa, shafti zinaumia.

Kifurushi cha snokeli (bomba la kuvutia hewa juu) na winchi (mashine ya kujivuta kwa kamba) nimekiacha. Hela imeingia kwenye tairi za A/T (za lami na vumbi), kamba ya kuvutia na bamba la kukinga injini. Springi za nyuma ni ngumu kweli, bodi tupu inarukaruka. Magunia mawili ya viazi yanaituliza.