Akiba haiozi, lakini stoo haipitiki: mpaka uko wapi?

Stoo_Imejaa:
Wakuu, salaam. "Akiba haiozi" ni msemo mzuri, ila ukiutekeleza kila siku stoo inakosa hata pa kukanyaga. Nazungumzia makopo ya plastiki, chupa za kioo, chaja zisizojulikana ni za kifaa gani, mabaki ya rangi, skrubu, matambara, maboksi. Kila kimoja ukikishika unaona kitafaa. Naomba kipimo cha kufuata, ila msiniambie "tupa usichokipenda". Skrubu haipendwi na mtu, lakini siku ikikosekana mlango haufungi. Pia, kuna vitu vinavyoharibika kwa kukaa tu bila kutumika?

Fundi_Bawaba:
Naanza na swali la mwisho, maana ndilo linalomaliza nusu ya stoo. Vipo vingi, na aliyetunga ule msemo hakuifikiria silikoni. Silikoni ya tyubu (ile ya kuzibia nyufa) na supaglu, uhai wake huhesabiwa kwa miezi, kwa hiyo soma tarehe iliyopigwa. Ukiwa na shaka, kamua tone kubwa juu ya kigae, liache saa 24. Likibaki laini na kunata, tyubu hiyo imekufa. Ukiipaka kwenye sinki maji yatapita.

Saruji hunyonya unyevu wa hewa hata mfuko ukiwa umefungwa. Baada ya miezi 3 hivi nguvu yake imeshapungua. Bonge likivunjika kwa vidole, ichekeche uitumie kwa kazi ndogo isiyobeba uzito. Bonge gumu kama jiwe ni la kutupa.

Rangi ya maji: fungua, nusa, koroga dakika 5. Ikinuka uozo au mabonge yakikataa kuyeyuka, haifai tena. Usiimwage kwenye mfereji. Changanya na mchanga au maranda hadi igande, ndipo uitupe. Ikiwa nzima, usiiache kwenye kopo kubwa lililobaki robo, kwa sababu hewa iliyomo ndiyo inayotengeneza utando juu. Ihamishie kwenye chupa ya kioo inayojaa karibu na mdomo, uandike chumba, namba ya rangi na tarehe. Kwa kuziba mikwaruzo robo lita inatosha.

Mipira ya bomba, lastiki na soli za viatu za poliyurethani (plastiki nyepesi yenye povu) huchoka zikiwa zimelala. Soli hizo huharibiwa na unyevu wa hewa, ndiyo maana kiatu kilichofungiwa kabatini miaka mingi humomonyoka siku ya kwanza kuvaliwa. Betri za alkali zisikae ndani ya tochi isiyotumika. Huvuja, na ule unga mweupe hula vibati vya chuma vinavyogusana na betri. Betri ya lithiamu iliyovimba usiitoboe wala kuichanganya na taka za kawaida; iweke mbali na vitu vinavyoshika moto hadi uipeleke panapopokelewa taka za elektroniki.

Na tafadhali: tambara lenye mafuta ya kitani ya kupakia mbao lisikunjwe na kuwekwa rundo. Mafuta yakikauka hutoa joto, rundo hulizuia, na tambara huweza kuwaka lenyewe. Litandaze nje likauke kabisa, au lizamishe kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko.

Mama_Rafu:
Kwa vyombo, acha nafasi ikuamulie. Tenga rafu moja. Ikijaa, kinachoingia kinatoa kingine. Kabla ya hapo vipange mezani na kila kopo livae mfuniko wake. Mfuniko bila kopo hauna kazi. Kopo bila mfuniko linafaa kushika misumari, lakini si makopo 15. Baki na saizi mbili au tatu zinazoingiana.

Geuza kopo usome namba ndani ya pembetatu. Namba 1 isiwekewe kitu cha moto, plastiki yake huanza kulegea karibu na nyuzi 70. Namba 5 huvumilia zaidi. Chupa za kioo ni nzuri kwa vitu vikavu, ila mfuniko wa bati wenye utando wa mpira ulitengenezwa kuziba mara moja. Usiutegemee kwa kuhifadhi vitu vya majimaji kwa miezi. Maboksi: bakiza la kifaa chenye waranti tu, ulibomoe liwe bapa. Mende hula gundi yake na hujificha kwenye mikunjo.

Volti12:
Chaja soma palipoandikwa OUTPUT. Volti lazima zilingane na za kifaa, ampea ziwe sawa au zaidi, na alama ya chanya na hasi ifanane. Ikiwa kinyume unaweza kuunguza kifaa. Isiyosomeka lebo haina thamani. Ya volti 12 ampea 2 naibakiza hata bila mwenyewe, kwa sababu ruta nyingi na taa za ukanda hutumia volti hizo. Waya za aina moja, mbili zinatosha.

Kipuri:
Kuna ile kanuni ya "hujakitumia mwaka mzima, tupa". Kwa nguo sawa, kwa vipuri ni kosa. Kipuri kinafuata mashine yake: mashine ipo, kipuri kinabaki hata miaka 6, mashine ikiondoka, vinaondoka pamoja siku hiyohiyo. Na kile kinachosubiri kutengenezwa kibandikwe karatasi: kasoro gani, kimekosa nini, tarehe. Huwezi kuandika kilichokosekana? Basi hakisubiri fundi, kimejificha tu.

Stoo_Imejaa:
Shukrani wakuu. Na ndoo ya skrubu zilizochanganyika?

Fundi_Bawaba:
Usizichambue zote kwa aina, hutamaliza. Mimina kwenye sinia, pitisha sumaku. Za shaba nyeupe hubaki chini, pamoja na baadhi ya zile za chuma kisichoshika kutu, na hizo ndizo za kuweka mahali penye maji. Toa zilizopinda, zenye kutu na zilizolika kichwa. Zilizobaki gawa kwa urefu tu: chini ya milimita 25, 25 hadi 50, na zaidi. Chupa tatu za kioo, zile za Mama_Rafu.