Polisi na vikosi vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) wanapotoka pamoja, amri ni ya nani?

Ndugu wachangiaji, mwenzetu aliyetangulia ameandika kuwa suala la nani anaamrisha vikosi hapa Zanzibar halina mjadala, kwa sababu ulinzi na polisi ni mambo ya Muungano na Amiri Jeshi Mkuu ni mmoja. Kwa Jeshi la Wananchi (JWTZ) na Jeshi la Polisi nakubaliana naye. Lakini Katiba ya Zanzibar ya 1984, vifungu vya 121 na 123, imeweka Idara Maalum, yaani vikosi vya SMZ, zikiwemo JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo) na Chuo cha Mafunzo (magereza), na ikamfanya Rais wa Zanzibar kuwa Kamanda Mkuu wake. Kwa hivyo askari wawili waliosimama kwenye kizuizi kimoja wanaweza kuwa na wakubwa wawili: wa polisi amri yake inapanda hadi kwa Inspekta Jenerali, na wa KMKM amri yake inaishia kwa Rais wa Zanzibar.

Siku za kawaida hilo halimsumbui mtu, kwani KMKM wanakimbizana na magendo ya karafuu baharini na polisi wako vituoni mwao. Tabu huja wakati wa uchaguzi. Tuchukue mfano wa kijana aliyeteremshwa garini kwenye njia ya Wete, Pemba, penye sare za aina tatu, akapigwa. Baba yake akienda kituoni ataambiwa waliompiga si polisi. Akienda kambini ataambiwa vijana wale siku hiyo walikuwa chini ya mkuu wa operesheni, ambaye ni polisi. Majibu yote mawili yanaweza kuwa ya kweli, na mzee yule hana pa kushitaki.

Wapo wanaosema Kamati ya Ulinzi na Usalama ya mkoa, chini ya Mkuu wa Mkoa, inatosha. Mimi sioni hivyo, kwa kuwa kamati hupanga na kushauriana, lakini haisimami barabarani kumwambia askari apige au asipige risasi. Baada ya mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001, ambayo Pemba haijayasahau, ililazimu iundwe tume chini ya Hashim Mbita kuchunguza yaliyotokea, na uchunguzi wa namna hiyo haumrudishi aliyekufa.

Ninachotaka ni kila operesheni ya pamoja iwe na hati inayotaja, hadi ngazi ya wilaya, cheo cha anayeongoza na cha anayeweza kuruhusu risasi za moto, na kila askari, wa kikosi chochote, avae namba inayosomeka. Mipango ya ulinzi na ibaki siri, lakini cheo cha mwenye kuwajibika hakina sababu ya kufichwa.

Hati hiyo itamlinda hata askari mwenyewe. Anayepinga naomba atujibu: ofisa wa polisi akiamuru watu waachwe wapite, na ofisa wa KMKM akiamuru wazuiwe, yule kijana wa KMKM mwenye bunduki mkononi amtii nani?